Taa za rivasi zimegoma kwenye gari ya manyuali: nilivyoufuata umeme mpaka nikaupata

Taa zote mbili za rivasi zilikuwa haziwaki kabisa, na kila niliyemuuliza jibu lake ni lile lile, nunua swichi ya rivasi funga basi. Mimi kununua kifaa kabla sijajua ugonjwa huwa sipendi, na bahati nzuri huu mzunguko ni mfupi sana kwenye gari za zamani. Umeme unatoka betri unapita swichi ya funguo, unapita fyuzi, unashuka mpaka kwenye swichi iliyofungwa kwenye giaboksi, ukiingiza rivasi ile swichi inaunga njia, umeme unakimbia nyuma kwenye balbu mbili afu unarudi kupitia bodi, yaani ethi. Swichi ina waya mbili tu. Sio kama otomatiki ambayo swichi yake moja inabeba mambo ya P (paki), ya N (nyutro) na starta humo humo.

Ingekuwa imekufa taa moja ningeangalia balbu au ethi ya upande huo na kumaliza. Zikifa zote mbili unatafuta kile zinachoshea: fyuzi, swichi, au waya kabla haujagawanyika. Ila balbu nilizitoa hivyo hivyo nizione, maana ya kwanza ikiungua mara nyingi mtu hajui, anaendelea kuendesha, inakuja kuungua ya pili ndo anasema zimekufa kwa mpigo. Zangu zilikuwa nzima. Fyuzi nayo nikaipima na testa pande zote mbili funguo ikiwa on, testa ikawaka kote, na kwanza hiyo fyuzi kwenye gari nyingi inalisha na vitu vingine, kwa hiyo kama imeungua utaona na vitu vingine vimelala.

Basi nikaingia chini. Tafadhali, kama unainua gari weka stendi na uyazuie matairi yasibingirike, jeki peke yake siiamini na hapa tunaongelea gari ambayo unachezea gia zake. Nikachomoa plagi ya swichi, nikaunganisha matundu mawili ya ile plagi kwa kipande cha waya chenye fyuzi katikati, injini imezimwa, funguo on. Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii kwa sababu kinaukata mzunguko katikati: taa zikiwaka, njia ya mbele na ya nyuma zipo na swichi ndo haifanyi kazi, zisipowaka swichi unaiacha kwanza unafuata waya.

Zangu zikawaka. Lakini kimwangaza chekundu chekundu hivi, cha uvivu, cha balbu yenye njaa. Kumbe magonjwa ni mawili, na ningefunga swichi mpya bila kuangalia vizuri ningeishia na taa hafifu nikaanza kulaumu swichi ya watu.

Nikaanza na swichi. Nikaingiza rivasi, nikaweka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kwenye ncha zake mbili. Swichi nzima inatakiwa isome karibu na sifuri ukiwa rivasi, na ukitoa gia isome wazi kabisa. Yangu kwenye rivasi ilikuwa inarukaruka kwenye omu 40 na kitu. Mtu anaweza kusema mbona inapitisha, si multimita imesoma? Inapitisha ndio, ila balbu mbili za wati 21 zikiwaka vizuri kwa volti 12 zinataka ampia kama 3.5, na omu 40 haiwezi kuachia hata nusu ampia. Volti zote zinaishia ndani ya swichi na balbu haioni kitu.

Kuna jambo hapa watu wanaruka. Kabla ya kuihukumu swichi nikaifungua nikaibonyeza kale kachuma kake ka mbele kwa kidole, kwa sababu kama ingesoma sifuri mkononi na kukataa ikiwa ndani ya giaboksi, basi tatizo ni gia haifiki mwisho, linkeji (vile vyuma vinavyounga kijiti cha gia na giaboksi) imechoka, au kuna mtu aliweka washa, ile pete ya kuzibia, nene mno swichi ikakaa mbali. Yangu hata mkononi ilirukaruka vile vile, kwa hiyo imechoka ndani. Wakati wa kuifungua safisha kwanza pembeni mchanga usidondoke kwenye giaboksi, fanya injini ikiwa imepoa, na uwe na chombo chini maana kwenye gari nyingine oili inatoka mara tu swichi inapoachia. Mpya nikaifunga na washa mpya.

Sasa ule mwanga hafifu. Ukitoa balbu ukapima kwenye soketi multimita inaonyesha 12 nzuri kabisa, na hapo ndo watu wengi wanapotea siku nzima, kwa sababu multimita haivuti umeme, hata unyuzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuipa 12. Pima balbu ikiwa ndani na inawaka. Nilivyorudisha balbu ikashuka mpaka 7 na kitu, wakati betri iko 12.4.

Nikaanza na ethi: ncha moja ya multimita kwenye ethi ya balbu, nyingine kwenye negativu ya betri, taa zinawaka. Ikasoma 0.1, ethi iko safi. Nikahamia upande wa pozitivu, ncha moja kwenye waya unaotoka kwenye swichi (nilirefusha kwa waya wa pembeni), nyingine nikawa nasogea nayo kuelekea nyuma. Chini ya kapeti pembeni ya mlango, karibu hakuna kilichopotea. Nyuma ya ile plastiki ya ubavuni kwenye buti, volti 4 zimeyeyuka.

Nikaivua plastiki, nikakuta donge la tepu limelainika linanata. Ndani yake waya umechunwa ganda na mwingine ukazungushiwa juu, wa kile king'ora kinacholia ukirudi nyuma, ambacho chenyewe kilishatolewa zamani. Shaba ilikuwa ya kijani, nikivuta kidogo zinakatika nyuzi, zilizobaki nzima hazizidi tatu. Nikakata mpaka nilipokuta shaba inayong'aa, na ilibidi nikate zaidi ya nilivyotegemea kwa sababu ule ukijani unatembea chini ya ganda, nikaongeza kipande cha waya wa unene ule ule, nikachomelea kwa risasi na kuvalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Taa zikawaka nyeupe, balbu ikapata 11.8.

Kama gari yako taa za rivasi ziko kwenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, mimi ningeanza kwenye ule mpira wenye mikunjo unaopitisha waya kwenye bawaba kabla hata ya kushika jeki. Waya hukatikia humo ndani, ganda linabaki zima, na ukiufungua na kuufunga mlango taa zikipepesa basi umeshafika.