Kumbukumbu ya zizi: Kashata ameshika mimba

Ameshika! Daktari wa mifugo amempima kwa mkono leo asubuhi hapa Ganda, Malindi, na kuthibitisha. Waliofuatilia kumbukumbu hizi wanajua ng'ombe huyu alivyotutoa jasho. Chotara wa Friesian, mwili anao, maziwa anatoa, lakini kila akipandishwa, ikifika siku ya 21 huyo karudi joto, yaani anataka kupandwa tena.

Mengine tulishayapima. Brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, hana. Kizazi hakina usaha. Chumvi ya madini yenye fosforasi analamba kila siku. Mbegu ilibadilishwa, na mpandishaji wetu namwamini: mrija wa mbegu iliyogandishwa anauyeyusha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 akiwa na kipimajoto mkononi, si kwapani. Ikabaki hali ya hewa ya Malindi yenyewe, na hapo ndipo nilipong'ang'ania.

Chukua mchana wa kaskazi, nyuzi 32 na unyevu asilimia 75. Ukipiga hesabu ya joto na unyevu kwa pamoja unapata kipimo cha 85, na ng'ombe wa maziwa huanza kuteseka kwenye 72. Aliyezidiwa hivyo hampandi mwenzake mchana, yeye ni kusimama kivulini na kuhema. Joto la uzazi linakuwa fupi na linahamia usiku. Asubuhi tunaona ute, tunapiga simu, anapandishwa jioni kama kanuni isemavyo. Sasa kama alianza kusimama atulie apandwe saa nne za usiku, jioni hiyo ni takriban saa 20 baadaye. Yai hutoka karibu saa 28 tangu aanze, na mbegu nayo yataka saa kadhaa kizazini kabla haijawa tayari. Nafasi ilikuwa inatuponyoka usiku tumelala.

Kilichosaidia ni chaki ya mifugo, basi. Napaka kwenye shina la mkia baada ya isha, maana akipandwa na mwenzake inafutika, kisha napita tena kabla ya kulala na kabla ya adhana ya alfajiri. Wapo wanaosifia vidude vya kufunga shingoni vinavyotuma ujumbe kwenye simu. Kwa zizi la ng'ombe wachache mimi sivitaki, chaki haiishiwi chaji. Usiku ule wa Julai tochi ilinionyesha chaki yote imefutika, manyoya ya mkiani yamevurugika, ute mwangavu kama wa yai unaning'inia, na mtamba yuko juu ya Kashata naye ametulia tuli. Mpandishaji alifika jua halijachomoza.

Kazi haikuishia hapo, maana kiinitete cha siku mbili tatu za mwanzo hakistahimili mwili wa mama ukipanda joto. Tulikuwa tumeshaezua mabati upande wake tukaezeka makuti, pipa la maji likahamia kivulini, na majani akawa anapewa jioni na alfajiri. Ukiweka mkono chini ya bati saa saba mchana, halafu chini ya makuti, hutabishana nami tena. Mabati yabaki upande wa kuvunia maji.

Nilikusudia kuandika leo kuhusu kihori kipya cha madini, lakini hesabu nyingine imeniteka. Mimba ya Julai, kwa siku 283 hivi, ni ndama wa Aprili: masika yanaanza, majani yanachipua, mama ana maziwa. Kwa nini basi tunapandisha Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto? Kuanzia sasa kwangu ni kusi tu, Juni hadi Septemba, hata majirani wakisema nachelewesha.

Na mtamba simpi Friesian. Nataka Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Pakistani, anayestahimili joto na kupe kuliko hawa wa Ulaya. Maziwa yatapungua kiasi, najua, lakini ng'ombe asiyeshika mimba hana maziwa kabisa. Uzito wake bado. Nasubiri afike thuluthi mbili ya uzito wa ng'ombe mzima, na nimeshamwambia mpandishaji aniwekee mrija wa Sahiwal wa Juni.