Mafuta yakipanda, daftari langu linasema nini

Kila mafuta yakipanda, wazee wangu husema zamani yalikuwa bure. Sikubaliani nao. Mwaka 1973 pipa la mafuta ghafi lilikuwa kama dola 3. Miezi michache baadaye, nchi za Kiarabu zilipoweka vikwazo vya kuuza mafuta, likakaribia 12. Watu waliumia kweli. Julai 2008 likapita 140.

Mimi huandika matumizi yote ya nyumba kwenye daftari, na ninachokitazama ni fungu la mshahara linaloliwa, si bei ya lita peke yake. Magari ya leo hunywa kidogo kuliko ya miaka ya 70, sawa. Lakini nauli je? Hata asiye na gari analipa. Mwezi huu pesa ya viatu vya mtoto imeingia kwenye nauli, na imeniuma sana.