Bonde la Eyasi, watu wa asili nne

Jamani, Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania! Nimekaa kibandani kwa mhunzi wa Kidatoga, anafua misumari iwe vigumba vya mishale. Kijana wa Kihadzabe anasubiri vyake, kaja na asali. Wanapatana bei kwa Kiswahili.

Huku lugha za asili nne zinakutana: Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga Waniloti, Wanyisanzu Wabantu, na Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu popote. Hao ndio wakongwe, na leo hawafiki 2,000. Karne ya 20 Wairaqw waliongezeka, wakatoka milima ya Mbulu wakaenea Karatu na Hanang. Wadatoga wakasogezwa, Wahadzabe wakabanwa zaidi. Hati ya kimila, ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, Wahadzabe wa bonde la Yaeda Chini wameipata 2011. Kwa kweli inaniuma, walistahili mapema zaidi.