Nilivyoishinda "take" na mikia yake

Nimevuka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza! Wasimamizi wa wauguzi Uingereza, NMC, wanadai alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, nami nimezipata zote. Nalitaja hili kwa fahari, maana kilichokuwa kikinikwamisha kwenye mazoezi ya kusikiliza ni kitenzi chenye herufi nne tu, take.

Mwalimu wa kituo fulani hapa Kisumu, aliyenitoza elfu kumi na kitu, alitugawia orodha ya kurasa kwa kurasa: take off ni kuvua, take in ni kudanganya, take up ni kuanza. "Karirini tu, Kiingereza hakina sababu." Tukakariri. Kisha kwenye kanda ya mazoezi mama mmoja akasimulia kwamba mwaka 1939, watoto walipohamishwa kutoka London kwa ajili ya vita, nyanyake "took in" wawili. Kwa orodha ile, nyanya aliwadanganya watoto wa watu. Kumbe aliwapokea nyumbani kwake akawatunza. Ushauri ule unanikera hadi leo, kwa sababu sababu ipo, na mwalimu wa lugha ndiye wa kuionyesha.

Mimi niliionyeshwa na fundi wa nguo Kibuye. Nilimpelekea sare iliyonipwaya. "Daktari, hii tuibane ubavuni," akasema, akaigeuza, akavuta kitambaa, na kile cha ziada kikapotelea ndani ya mshono. Kazi hiyo nayo Waingereza huiita take in! Nikasimama pale nikiunganisha. Kitambaa kimeingia ndani. Watoto wa London waliingia ndani. Maelezo ya daktari yakikukaa kichwani, umeya-take in. Na aliyetapeliwa je? Tanzania husema kaingizwa mjini. Kinachobeba maana zote hizo ni ile "in" ya mwisho.

Basi orodha nikaitupa, nikapanga daftari upya kwa mikia, yaani vile vineno vinavyofuata take. Off ni kubanduka: ndege ikiachana na lami pale uwanja wa Kisumu, bandeji ikitoka kidondani, wewe ukipata siku ya kupumzika. Over ni kupokezana, kama wa zamu ya usiku anaponipokea wodi. Out, nyuzi za kidonda zikitolewa. After ni kufuata, nasi husema mtoto kamfuata babake kwa sura. Chache hukataa mpango huu, mfano take off ya kumwigiza mtu. Hizo ndizo za kukariri.

Wala si jambo geni kwetu. Toa, toka, tokea, tokeza, tokana: mkia ukibadilika, maana inahama. Tofauti ni kwamba Waingereza wameuacha mkia nje ya neno. Na anayesema kitenzi kimoja hakiwezi kubeba kazi nyingi hivyo, anieleze tunapopiga pasi, kura, mswaki na magoti, ni nini hasa kinachopigwa.

Muuguzi mwenzangu, jua pia kwamba kipandikizi cha ngozi kikishika husemwa "it has taken", bila mkia wowote. Lingine lililonifurahisha mno: take yenyewe ililetwa Uingereza na Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliosema taka, ikaisukuma kando niman ya Kiingereza cha kale. Masalio ya niman tunayo wodini kila siku, ni numb. Mguu ulioingia ganzi, kwa asili ya neno hilo, ni mguu uliochukuliwa.

Iliyonihangaisha zaidi ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Unaweza kusema take off your coat au take your coat off, vyote sawa. Koti likishakuwa it, lazima likae katikati, take it off, nasi tunaliweka ndani kabisa: livue. Lakini take after haikubali kupasuliwa. Hili halikaririki, ni la kuzoeza ulimi. Nilimwomba mwenzangu wa zamu anirushie maswali tukikunja shuka.

"Sista, bandeji?"

"Take it off."

"Glavu?"

"Take them off."

"Na yule mtoto wa dirishani na mamake?"

"He takes after her."

Tulifanya hivyo zamu baada ya zamu, na mbele ya mtahini sikulazimika kusita hata kidogo.