Bao la Dortmund Lilifika Mombasa Kwanza

Ligi ya Ujerumani ilirejea Jumamosi ya tarehe 16 Mei 2020, baada ya kusimama kwa zaidi ya miezi miwili kwa sababu ya korona, na ilirejea bila watazamaji. Mchezo uliosubiriwa zaidi siku hiyo ulikuwa wa watani wa jadi, Borussia Dortmund na Schalke 04, nami naishi Bochum, mji ulio katikati ya miji ya klabu hizo mbili, kiasi kwamba treni ya upande wowote hunifikisha kwa dakika chache. Uwanja wa Dortmund huingiza zaidi ya watu 81,000, na jukwaa lake la kusini peke yake husimamisha karibu 25,000. Siku hiyo walioruhusiwa, ukijumlisha wachezaji, waamuzi, matabibu na watu wa kamera, walikuwa takriban 300. Jirani yangu, mzee mwenye tiketi ya msimu mzima ambaye sikuwahi kumkuta nyumbani Jumamosi alasiri Dortmund ikicheza kwao, alishinda kwenye roshani akimwagilia maua yake.

Nyumbani kwetu ni Mji wa Kale, Mombasa, ambako hali ilikuwa nzito zaidi. Kafyu ya nchi nzima ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ikafungwa, asitoke mtu wala asiingie. Na tarehe 6 Mei ukafungwa Mji wa Kale wenyewe, polisi wakasimama kwenye njia za kuingilia. Misikiti ilikuwa imefungwa, tena ndani ya Ramadhani. Mabanda ya video, ambako vijana na watu wazima hulipa shilingi chache wakabanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, nayo yalikuwa yamefungwa.

Hilo la mabanda halikuandikwa sana magazetini, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa pigo lenyewe. Mtu wa Mombasa hakuzoea kwenda uwanjani kutazama mpira mkubwa, kwa hivyo uwanja mtupu wa Ulaya haukumpokonya kitu alichokuwa nacho. Hata Bandari, timu yetu wenyewe, ilipocheza Kombe la Shirikisho la CAF, la klabu za Afrika, mwaka wa 2019, mechi zake za nyumbani zilichezwa Kasarani, Nairobi. Jukwaa letu sisi ni banda: ndiko kwenye ubishi, ndiko kwenye kutaniana, na ndiko anakopatikana yule mzee mmoja anayedai kwamba wachezaji wa siku hizi wasingefua dafu mbele ya wale wa ujana wake.

Banda lilipofungwa, mpira ulihamia sebuleni. Amu yangu alikuwa na king'amuzi cha bei nafuu kilichoonyesha ligi ya Ujerumani, naye akauonyesha mchezo wote wa Dortmund, mwanzo hadi mwisho, kwa jamaa wa nyumba yake. Mimi niliyekuwa jirani na uwanja nilikuwa na matangazo ya bure tu, ambayo yaliruka kutoka mechi moja hadi nyingine miongoni mwa tano zilizochezwa saa ile, kwa hivyo kila Dortmund waliposogea langoni nilikuwa na hofu ya kupelekwa Augsburg.

Saa nazo zilitugawa. Mchezo ulianza saa tisa na nusu alasiri kwa saa za huku, ambayo ni saa kumi na nusu Mombasa, na ulikwisha karibu sawia na kutua kwa jua la kwetu, wakati mbaazi, viazi vya nazi na kaimati vimeshapangwa mkekani. Hapa Bochum jua la Mei halitui mpaka saa tatu usiku ipite. Jamaa walinitumia picha za futari baada ya mchezo, nami nikiwa na karibu saa nne nyingine za kufunga. Hilo, hata sasa, nahesabu kuwa ni uchokozi.

Uchokozi mkubwa zaidi ulitoka kwenye intaneti. Anayetazama kwa njia hiyo hupokea picha ikiwa imekatwa vipande vidogo, na chombo chake hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuvionyesha ili picha isikwame, hivyo humwona mchezaji akipiga mpira ambao wenye ving'amuzi wameshauona ukiingia. Dakika ya 29, Erling Haaland alipofunga bao la kwanza, simu yangu ilijaa ujumbe kutoka Mji wa Kale wakati kwangu mimi mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Kwa kawaida mtaa wetu hapa ungenipasha habari mapema kwa kelele za madirishani, lakini siku hiyo mtaa ulikuwa kimya, na habari ya bao lililofungwa karibu nami ikalazimika kwenda Mombasa kwanza na kurudi. Dortmund walishinda 4-0. Haaland alicheza ngoma yake peke yake, wenzake wakiwa wamesimama mbali naye, na baada ya firimbi ya mwisho timu nzima ilikwenda kulipungia mikono jukwaa la kusini lisilokuwa na mtu.

Mama alikuwa miongoni mwa waliokaa sebuleni kwa Amu. Hajawahi kukanyaga banda, kwa kuwa banda la kwetu ni la wanaume, na huo ndio uliokuwa mchezo wa kwanza kuutazama wote. Alinipigia simu wakati wa mapumziko kuuliza kocha alikuwa akimfokea nani, maana sauti za makocha na wachezaji zilisikika wazi, jambo ambalo kelele za mashabiki huwa zinalifunika. Nilimweleza kwamba mengi yalikuwa ni kuambiana wapande au warudi nyuma. Alisikitika; alitarajia matusi.

Mwezi uliofuata ligi ya Uingereza iliporejea, tarehe 17 Juni, baadhi ya watangazaji walichanganya picha na sauti za mashabiki zilizotoka kwenye mchezo wa kompyuta. Binamu zangu walizipenda. Mimi sikuzipenda hata kidogo, kwa sababu mashabiki wa kompyuta hushangilia bao kisha huchelewa kunyamaza linapokataliwa, na kwa sababu sikuona aibu yoyote katika uwanja kusikika ulivyo. Mama alikuwa upande wangu.

Jirani yangu alirudi uwanjani viwanja vilipofunguliwa, na siku moja alinichukua nikasimame naye kwenye jukwaa la kusini. Ni jambo la kuonwa, sikatai. Lakini huwezi kubishana na mtu pale. Watu wote ni wa upande mmoja, wanaimba dakika tisini, na niliyetaka kumuuliza kwa nini beki wa kushoto hashuki hakunisikia. Nilirudi kwenye kundi letu la simu, ambalo tangu siku ile ya bao la Haaland lilikuwa na sheria moja, aliyoitunga Mama: mtu asiandike neno mpaka mimi wa Bochum niseme nimeona.

Sheria hiyo ilidumu mpaka Agosti 2025, Kenya ilipocheza na Madagascar robo fainali ya CHAN, michuano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani, nasi sote tukiwa mbele ya televisheni na simu zetu kama kawaida. Matokeo yalikuwa 1-1, ikaamuliwa kwa penalti, na nikiwa bado nasubiri penalti ya mwisho ipigwe, Mama akatuma ujumbe wa sauti: "Inna lillahi, wametutoa hawa."