Kiti kimoja, abiria wawili
Programu yangu ya tiketi za boti za Lamu na Mokowe iliuza kiti kimoja kwa watu wawili. Nilipekua msimbo wiki nzima, wapi! Mchoro wa klasi, yaani wa aina za vitu vya programu na uhusiano wake, haukutosha. Ni mchoro wa UML, lugha ya michoro ya kusanifu programu iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 1997: unaonyesha kwamba safari moja ina tiketi nyingi, lakini hausemi nani katangulia. Nikachora mchoro wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na lini: makarani wawili, hifadhidata (ghala la kumbukumbu za tiketi) kando yao, muda ukishuka chini. Hapo nikaliona. Wote wawili waliuliza, "Kiti cha 7 ki wazi?" wakajibiwa ndiyo kabla yeyote hajaandika tiketi yake. Nikaiamuru hifadhidata isikubali safari na kiti vilevile mara mbili. Sasa karani wa pili hukataliwa papo hapo, akachagua kiti kingine.