Pipa la Shayiri

Mwanangu kaniuliza bosi wetu pale dukani alikuwa nani. Nikamjibu hakuwepo: duka lilikuwa ushirika wetu sisi wafanyakazi. "Sasa nani alikuwa anawagombeza?" Tulikuwa tunagombezana wenyewe, na hasa jioni ile tulipokuta nondo, wale wadudu wanaofanana na vipepeo, kwenye nafaka.

Dukani tulikuwa na mapipa ya ukutani: unavuta kishikio, nafaka inateremka kwenye mfuko. Mteja alirudisha shayiri yenye nyuzinyuzi. Nilipofungua kifuniko, punje zilikuwa zimeshikana kwenye utando, na kwenye matundu ya skrubu kulikuwa na vifukofuko vyeupe. Buu wa nondo huyu akishakomaa huacha chakula na kupanda juu kutafuta ufa wa kujifichia. Ukikuta vifuko kwenye kifuniko, ujue kizazi kimoja kimeshamaliza shughuli yake.

Chanzo kilikuwa kimebandikwa ukutani, kwenye karatasi ya zamu. Kwetu kila mwanachama alifanya kila kazi kwa zamu, na kila zamu ilitia sahihi. Safu ya "limejazwa" ilijaa sahihi kutoka juu hadi chini. Safu ya "limemwagwa, limeoshwa" ilikuwa nyeupe. Kila mtu alikuta pipa limepungua akamimina gunia jipya juu ya masalia, na ya zamani yakabaki pembeni, chini, ambako mteremko hauyafikii. Kazi ikiwa ya wote, kila mmoja huamini mwenzake kaifanya.

Tulifunga mlango, tukakaa kikao pale pale kwenye kaunta. Nondo walikuwa wamefika pia kwenye unga wa ngano isiyokobolewa, na kwenye lozi. Hoja ya kwanza: tuchekeche, tugandishe, tuuze kwa bei ya chini. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua mayai na mabuu, hilo kweli. Ila baridi huchukua muda mrefu kufika katikati ya gunia la kilo 25. Lazima uligawe kwenye mifuko ya kilo tano tano, uipe wiki nzima. Na chekeche haiondoi mayai yote wala kinyesi. Buu aliyekufa kwenye unga bado yumo kwenye unga. Tukakubaliana njia hiyo iwe ya magunia ya stoo ambayo hayajafunguliwa, kwa tahadhari tu. Hoja ya pili ikawa kutupa vyote vilivyokwisha kuingiwa na nondo.

Kaka mmoja, mpenzi wa historia, akatukumbusha wanaushirika wa mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844: wale walifungua duka ili watu wapate unga usiochakachuliwa. Dada wa hesabu akamjibu kwamba ule ulikuwa ushirika wa wanunuzi, na sisi ni wa wafanyakazi, kwa hiyo hasara tutaila sisi. Kisha akaieleza polepole. Kinachotupwa kinatoka kwenye ziada, yaani kinachobaki baada ya gharama. Ziada ikishatolewa fungu la akiba, inagawanywa kwa saa ambazo kila mtu amefanya kazi. Mwenye saa nyingi ndiye atakayepoteza zaidi.

Hapo pakawa kimya. Mwenye saa nyingi kuliko sote alikuwa yule mama aliyefungua duka kila alfajiri. Kura yake ilikuwa moja, sawa na ya kijana aliyetoka kumaliza kipindi cha majaribio ya kazi. Mikono ikaanza kupanda. Wake ukaishia usawa wa bega. "Na lozi pia?" Lozi ndizo zilizokuwa ghali kuliko vyote. Hakuna aliyemjibu. Akamtazama dada wa hesabu, akatazama pipa, kisha akaunyoosha. Hata leo sijui kama aliridhika au aliona haya kubaki peke yake. Kura ya wazi ina ubaya huo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulipima kila kilichotupwa na kukiandika, tukafyonza nyufa, tukaosha mapipa kwa maji ya moto na kuyaacha yakauke kabisa, maana unyevu ungetuletea ukungu. Tukatundika mitego ya harufu, ambayo hunasa madume tu: inakuarifu kwamba wapo, haiwamalizi. Kanuni mpya ikawa pipa halijazwi mpaka liwe tupu.

Tukapitisha pia kwamba aliye zamu anaweza kufunga pipa bila kusubiri kikao. Mtu akauliza kama anaweza na kutupa. Swali liliingizwa kwenye ajenda ya mwezi uliofuata, likaahirishwa, na mpaka naondoka lilikuwa bado linaahirishwa.